Futi ya Hamasa

Mama Mkubwa alikuwa na kawaida ya kumpima mtu mara mbili. Mara ya kwanza alipima kimya, akaandika. Mara ya pili aliisoma namba kwa sauti, ili mwenye mwili aisikie mwenyewe na asije akasema baadaye kwamba fundi alikosea. Wateja wanene hawakuipenda hiyo ya pili. Walimwomba ashushe sauti kidogo, wanaume wanapita barabarani.

"Mwili wako, aibu ya nini?" aliwajibu akiukunja utepe wake wa kupimia. "Futi haina ndugu."

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Tangu nianze chuo ninaishi kwake, katika chumba kilicho nyuma ya duka lake la ushonaji. Ukuta unaotenganisha duka na chumba ni wa mbao tu, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia nikiwa nimejilaza na kitabu kifuani. Mengine alinisimulia mwenyewe, taratibu, siku mbalimbali, akiwa anafumua mshono.

Duka lake ni dogo. Lina cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme ambayo Mama Mkubwa haipendi. Lina meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, kioo cha kusimama, na kona yenye pazia la maua ambako watu hupimwa. Juu ya rafu kuna daftari gumu la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake, na jina analoandikiwa ni lile Mama Mkubwa alilompa moyoni: Mrefu wa Benki, Mama Pacha, Bibi wa Duka la Dawa. Ukurasa wa mtu hamwonyeshi mtu mwingine. Mume wa mteja mmoja aliwahi kuja kuuliza kiuno cha mkewe ili amnunulie gauni la kumshtukiza. Mama Mkubwa akamwambia, "Nenda kamkumbatie halafu uje na mikono yako hivyo hivyo, nitaipima mikono."

Kwa sababu hiyo watu walimwamini. Wanawake wawili wakibishana nani amenenepa zaidi ya mwenzake, walimalizia ugomvi wao nyuma ya pazia lile. Neno lake likishatoka, hakukuwa na rufaa.

Aliyeingia nyuma ya pazia mara nyingi kuliko wote ni Bi Kicheko, mpishi wa shule ya msingi iliyo barabara ya pili. Aliitwa hivyo kwa sababu hucheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe, hata wewe unayesikiliza unacheka bila kujua unacheka nini. Gauni la kwanza kabisa Mama Mkubwa aliloshona kwa kulipwa lilikuwa la Bi Kicheko. Hapo walikuwa wasichana. Miaka ikapita, Bi Kicheko akazaa, akanenepa, akafiwa na mume, akanenepa zaidi. Magoti yakaanza kumsumbua kwa kusimama jikoni tangu alfajiri. Daktari akamwambia apunguze uzito na ameze kidonge cha presha kila asubuhi bila kukosa.

"Kidonge nitameza," alimwambia Mama Mkubwa. "Uzito ndio kazi, shoga. Mimi kazi yangu ni kuonja chumvi kwenye chakula cha watu mia nne. Nisipoonja, walimu wanalalamika. Nikionja, gauni linalalamika."

Sasa nimtaje Mama Mdogo, kwa sababu bila yeye pasingekuwa na la kusimulia.

Mama Mdogo ndiye kitindamimba wao. Babu na bibi walipofariki, Mama Mkubwa aliacha shule akajifunza cherehani, ili mama yangu na huyu mdogo waendelee kusoma. Mama yangu alikuwa tayari mkubwa kiasi cha kujisimamia. Mama Mdogo ndiye aliyelelewa hasa. Alilala chini ya meza ile ile ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, na sare zake za shule zilikuwa nadhifu kuliko za watoto wenye wazazi wawili. Akakua na ulimi mtamu, ule unaomtoa nyoka pangoni. Aliuza masufuria, akauza bima, akauza mafuta ya kuotesha nywele. Kila biashara ilianza kwa kelele na kuisha kimya, na kila ilipoisha alirudi kwa dada yake kula na kupumzika.

Siku moja alikuja na boksi la kijani. Aliliweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya kitambaa cha watu.

"Dada, safari hii nimefika," akasema. "Chai ya Wepesi. Inchi mbili kwa wiki mbili, bila njaa, bila kukimbia barabarani kama mwizi."

Kwenye boksi palikuwa na picha ya mwanamke mwembamba amesimama ndani ya mguu mmoja wa suruali kubwa mno, anatabasamu, anaivuta kiunoni kuonyesha pengo. Mama Mkubwa alivaa miwani akaitazama kwa muda.

"Hii suruali haijawahi kuvaliwa na mtu mnene," akasema.

"Umejuaje?"

"Tazama mshono wa pembeni. Umenyooka kama siku uliposhonwa. Mtu wa kiuno hiki akikaa mara moja tu, mshono huu unavutika na goti linatoa mfuko. Hii imeshonwa jana, ikapigwa picha leo."

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika meza. "Umeona sasa? Umeona? Ndiyo maana nimekuja kwako. Hilo ni tangazo tu, dada, na tangazo ni tangazo. Mimi nataka kufanya kazi kwa ukweli. Watu wamechoka kudanganywa. Wakipimwa na wewe, kwa mkono wako, kwa daftari lako, nani atabisha? Hutauza hata kijiko kimoja cha chai. Wewe pima tu."

Leo nikiwaza, huwa narudi hapo. Ule ulikuwa uongo wa kwanza, nao ulikuwa juu ya boksi, na Mama Mkubwa aliuona kwa jicho lake kabla ya mtu yeyote. Ila alivishwa kilemba cha ukoka, na kilemba kikiwa kimefungwa na mtoto uliyemlea, hukivui upesi.

Kisha Mama Mdogo akatoa zawadi: futi mpya ya kupimia, ya manjano, laini, namba zake kubwa na nyeusi.

"Ile yako imechakaa, namba zimefutika. Na macho yako hayo," akasema. Akamvua dada yake futi ya zamani shingoni, akamvika mpya, akambusu shavuni. Ile ya zamani akaikunja akaitia kwenye mkoba wake. "Nitakutupia."

*

Walianza Jumamosi. Vipimo vya mwanzo vya wateja wengi vilikuwa tayari kwenye daftari, vimepimwa mwezi ule ule au uliopita. Mama Mdogo aliwauzia chai, wakanywa wiki mbili, wakarudi nyuma ya pazia. Mama Mkubwa akapima kimya, akapima kwa sauti.

"Kiuno kilikuwa thelathini na tisa. Leo ni thelathini na saba na robo."

Nikiwa chumbani nilisikia vigelegele. Mtu alitoka akakimbilia kioo. Wa pili akapimwa, naye amepungua. Wa tatu, amepungua. Mama Pacha, ambaye alikiri kwamba chai ilimshinda kwa uchungu na alikunywa mara nne tu, naye alikuwa amepungua inchi moja na nusu.

"Basi ina nguvu kweli hiyo," Mama Mkubwa akasema, na katika sauti yake nilisikia mshangao wa mtu anayeshuhudia.

Bi Kicheko alijiunga mwezi wa pili wa biashara hiyo. Kiuno chake kwenye daftari kilikuwa arobaini na nne. Wiki mbili baadaye kilikuwa arobaini na mbili kamili.

"Rudia," Bi Kicheko akasema.

"Arobaini na mbili."

"Rudia tena, wasikie mpaka barabarani!"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha wasichana. Bi Kicheko akasema chai inamkimbiza chooni mara sita kwa siku. Watoto wa shule wanafikiri ana siri kule uani. Lakini kama inchi zinatoka kwa mlango huo, basi zitoke.

Siku hiyo hiyo Mama Mdogo alirekodi kwa simu. Alimpanga dada yake mbele ya cherehani, akamnyoosha kola, akamwambia aseme kama anavyosema siku zote. Mama Mkubwa akakohoa, akasema: "Mimi ni fundi kwa miaka thelathini na moja. Huyu nimempima mwenyewe, kwa mkono wangu. Kiuno kilikuwa arobaini na nne, leo ni arobaini na mbili. Futi haina ndugu."

Siku chache baadaye video ilirudi kwenye simu za watu ikiwa imepambwa kwa muziki. Chini ya uso wa Mama Mkubwa paliandikwa: Mtaalamu wa Vipimo vya Mwili. Na chini yake: Inchi mbili kila wiki! Mimi ndiye niliyemsomea Mama Mkubwa maandishi hayo.

"Mtaalamu? Mimi?" Akaficha mdomo kwa kiganja. Najua alifurahi. Mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne ana haki ya kufurahia neno kama hilo dakika mbili. Halafu akasema, "Lakini si kila wiki. Nilisema wiki mbili."

Alimpigia Mama Mdogo. Mama Mdogo akasema ni wale vijana wa kampuni wamekosea, atawaambia warekebishe. Hawakurekebisha. Na kwa kuwa kila aliyepita dukani alimwita "mtaalamu" na kumpungia mkono, hakuuliza mara ya pili.

*

Gauni ndilo lililotoa siri.

Shuleni kwa Bi Kicheko palikuwa na sherehe ya kuwaaga wanafunzi wa darasa la mwisho, naye akaleta kitambaa cha bluu. Wateja wa chai walikuwa wakipimwa kifua, kiuno na nyonga, basi. Lakini gauni linataka kila kitu: bega, mkono, mgongo, urefu. Mama Mkubwa akaanza juu kushuka chini, akipima kimya. Alipofika kwenye urefu, kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, alirudia kupima, kisha akarudia tena.

"Simama vizuri," nikamsikia akisema.

"Nimesimama."

"Usikunje goti."

"Goti lenyewe ndilo lililonikunja mimi. Kwani vipi?"

"Urefu wako ni hamsini na nne. Tangu una mtoto wa kwanza ni hamsini na nne. Leo napata hamsini na moja na nusu."

Bi Kicheko akaangua kicheko kabla hajasema neno. "Kwani chai inapunguza na urefu? Basi nikinywa mwaka mzima utanitia mfukoni!"

Mama Mkubwa hakucheka. Akapima bega: limepungua karibu inchi nzima. Akapima mkono: umepungua. Mtu anaweza kupungua tumbo, anaweza kupungua nyonga. Mfupa wa mkono haunywi chai.

"Vidonge vya presha unameza?" akauliza ghafla. Sijui kwa nini alikwenda huko. Nadhani hata yeye hajui.

"Nimeviweka pembeni kwanza. Kile kikaratasi cha ndani ya boksi kimeandikwa usichanganye na dawa za hospitali, chai inapoteza nguvu."

"Daktari anajua?"

"Daktari ana futi? Yeye anasema tu, punguza, punguza. Wewe ndiye uliyeniambia nimepungua. Mimi naamini futi yako, shoga."

Alipoondoka, Mama Mkubwa aliniita. Ni mara chache huniita nikiwa nasoma. Alikuwa ameweka juu ya meza ile rula ndefu ya mbao ya kuchorea pindo, ya inchi thelathini na sita, na pembeni yake amenyoosha futi ya manjano. Mwanzo wa futi na mwanzo wa rula ulikuwa sawa. Rula ilipoishia kwenye thelathini na sita, futi ilikuwa bado kwenye thelathini na nne na kidogo.

"Soma wewe," akaniambia. "Huenda ni macho yangu."

Nikasoma. Hayakuwa macho yake.

Akatoka na futi mkononi, akavuka barabara kwa seremala, mimi nyuma yake. Seremala akailaza kwenye futi yake ya chuma, akaivuta, akaigeuza, akacheka.

"Fundi, hii futi yako imelewa. Inaruka namba."

"Imevutika kwa kutumika?"

"Haijavutika. Tazama, mistari yote imepishana kwa usawa. Imetengenezwa hivi hivi. Umeitoa wapi?"

Mama Mkubwa akasema alipewa. Hakusema na nani.

Tulirudi dukani akakaa kwenye kigoda chake. Nikamuuliza kwa nini nguo alizokuwa anashona miezi yote hiyo ziliwatosha watu. Akanieleza kwa sauti ndogo, kama mwalimu aliyeshindwa mtihani wake mwenyewe. Alikuwa akimpima mtu kwa futi ile na kukata kitambaa kwa futi ile ile. Kosa lilikuwa moja pande zote mbili, kwa hiyo nguo ilitoka sawa. Wateja wa nguo aliwapima upya bila kufunua kurasa za nyuma, na urefu alioujua kwa moyo ulikuwa wa Bi Kicheko tu. Rula aliishika kwa kunyoosha mistari tu, si kwa kuhesabu. Uongo ukipimwa kwa uongo mwenzake, hauna pa kuonekana. Ungeonekana tu ukikutana na namba za zamani, na namba za zamani ndizo alizozishangilia kwamba zimepungua.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwake kilikuwa shingoni, na alikivaa kwa mapenzi.

*

Mama Mdogo alifika alasiri, amevaa vizuri, ananukia. Nilikuwa chumbani. Sikufunua ukurasa hata mmoja.

"Hii futi ulinunua wapi?"

"Si nilikwambia ni zawadi?"

"Zawadi ya nani?"

"Ya kampuni. Kwenye semina kila wakala alipewa boksi na futi. Kwani imekatika?"

"Nimeilaza kwenye rula."

Nilisikia kiti kikivutwa. Mama Mkubwa aliniambia baadaye kwamba wakati huo bado alikuwa anaomba moyoni mdogo wake ashangae. Aseme tu, Eh, dada, kumbe! Hata kama ni kwa kuigiza. Angemwamini.

"Dada," Mama Mdogo akasema, "ile ni futi ya hamasa."

"Ya nini?"

"Ya hamasa. Walitufundisha. Mtu akianza jambo gumu anataka kuona matokeo mapema, asipoyaona anakata tamaa. Sasa ukimwonyesha amepungua kidogo, anapata moyo. Akipata moyo, anaendelea. Akiendelea, anapungua kweli. Mwisho wa siku ukweli unatimia."

"Bi Kicheko ameacha vidonge."

"Mimi sikumwambia aache."

"Boksi limemwambia."

"Boksi si mimi niliyeliandika."

"Na mimi? Mimi umeniandika nini? Kwa nini hukupima wewe, kwa mkono wako?"

Mama Mdogo akajibu kwa ukweli, na sidhani alijua ni jambo baya kiasi gani. "Mimi nani angeniamini, dada?"

Baada ya hapo nilisikia mkasi ukiwekwa juu ya meza, polepole.

"Ile futi yangu ya zamani uliitupa kweli?"

"Niliitupa."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Kwa hiyo ulijua siku ile ile."

Mama Mdogo akaanza kulia. Analia vizuri, amekuwa hivyo tangu utoto. Akasema ana mawakala kumi na wawili chini yake, wanawake kama yeye, wamechukua mzigo kwake. Taarifa zikitoka leo watamvamia nyumbani. Akaomba siku mbili tu arudishe mzigo kampuni, kisha yeye mwenyewe atawaambia watu. "Mimi ni mtoto wako, dada. Umenilaza chini ya meza hii. Utanitoa kwa watu wanirarue?"

"Kesho mchana," Mama Mkubwa akasema hatimaye. "Hata saa moja zaidi sikupi. Na ile video yangu itoke leo."

"Itatoka leo leo."

Jioni ile Mama Mkubwa alichukua simu mara tatu akaitafuta namba ya Bi Kicheko. Nilimwona. Mara zote tatu aliiweka chini. Nilitaka kumwambia, Mama Mkubwa, usimtaje mtu, sema tu ameze vidonge vyake. Maneno yalinijia yamepangika vizuri kabisa, kisha yakakaa mdomoni. Mimi ni mtu wa aina hiyo.

Asubuhi, kabla ya saa nne, mwalimu mmoja alipita mbio akisema Bi Kicheko ameanguka jikoni.

*

Hakufa. Niliseme hilo upesi. Alilazwa siku tano. Muuguzi alitwambia mwili ulikuwa umekauka maji kwa kuharisha wiki nyingi, na presha ilikuwa imepanda mahali pa kutisha. Alipozinduka mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na hadi leo hawezi kubebea sufuria kubwa. Walimpima na uzito. Muuguzi aliusoma kwa sauti ya kawaida tu, na Bi Kicheko akamsahihisha kwamba mizani imekosea, kwa sababu yeye amepungua, ana fundi wake anajua.

Siku ya pili Mama Mkubwa alikaa pembeni ya kitanda. Hakuzunguka. Alimwambia kuhusu futi, kuhusu rula, kuhusu seremala.

"Hukupungua," akasema. "Hata kidogo. Nilikusomea uongo kwa sauti."

Bi Kicheko akauliza, "Mdogo wako ndiye aliyekupa?"

"Ndiye."

"Basi umeuziwa mbuzi kwenye gunia kama mimi. Wote tumelizwa." Akamshika mkono. Nilifikiri yameisha. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

Mama Mkubwa angeweza kusema, Leo asubuhi. Hakuna ambaye angemkatalia.

"Juzi. Ulipotoka tu dukani."

"Juzi mchana."

"Ndiyo."

"Na namba yangu ya simu unayo."

Akautoa mkono wake, si kwa hasira, akauweka juu ya shuka kama kitu alichochoka kukishika. Akageukia ukutani. Tukakaa mpaka saa ya wageni ikaisha.

Mama Mdogo hakurudisha mzigo wala hakuwaambia watu. Mchana ule wa ahadi simu yake ilikuwa haipatikani. Baada ya wiki ulikuja ujumbe kutoka namba ngeni: "Umechagua watu baki ukaacha damu yako. Sawa." Mama yangu alipiga simu kutoka kwake akijaribu kusuluhisha, akasema mtoto akinyea mkono haukatwi. Mama Mkubwa akamjibu kwamba mkono wenyewe haujakatwa, upo, ila hauna kazi tena.

Alimaliza siku nane akizunguka na daftari na futi mpya aliyoilaza kwanza kwenye rula pale pale alipoinunua, mpaka mwenye duka akaudhika. Alibisha hodi kwa kila aliyempima. Wengine walimwelewa. Mama Pacha alisema alijua tu, chai ya mara nne haiwezi. Mmoja alimfungia mlango. Mrefu wa Benki alimwambia, kwa upole unaoumiza kuliko tusi, "Sasa fundi, na zile nguo za nyuma zote ulizonishonea, nazo zilikuwa vipi?"

Video haikutoka. Niliwaandikia kampuni mara nne na hakuna aliyejibu. Nikamrekodi Mama Mkubwa upya, amesimama pale pale mbele ya cherehani, ameshika futi ya manjano na rula, anaeleza. Watu mia moja na kumi na wawili waliitazama. Ile nyingine, yenye muziki, bado inazunguka. Mwezi uliopita walikuja wanawake wawili kutoka mbali, wamevaa viatu vya safari, wakauliza kama hapa ndipo kwa mtaalamu.

"Ile chai ni ya uongo," Mama Mkubwa akawaambia. "Rudini nyumbani."

Wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia vizuri: "Watu wakishapungua wao, hawataki wengine wapungue." Wakaenda kuulizia mbele.

Bi Kicheko alirudi dukani baada ya wiki sita. Alitembea taratibu, amebeba kile kitambaa cha bluu ambacho Mama Mkubwa alikuwa amempelekea nyumbani kikiwa hakijakatwa. Sherehe ya shule ilikuwa imeshapita. Alisema anataka gauni hivyo hivyo, la kuvalia siku yoyote. Wakaulizana habari za afya, za watoto, za mvua. Bi Kicheko alitania kuhusu chakula cha hospitali, akacheka kabla hajamaliza, na Mama Mkubwa akacheka naye. Kisha Mama Mkubwa akafunua pazia la kona.

Bi Kicheko hakusogea. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimeshapimwa," akasema. "Kwa yule fundi wa karibu na shule. Usinielewe vibaya, shoga. Kushona hakuna wa kukufikia. Wewe shona tu."

Mama Mkubwa aliipokea karatasi. Kwa mwandiko wa mtu mwingine paliandikwa kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu. Zilikuwa namba anazozijua kwa moyo, angeweza kuzitaja usingizini. Alisema, "Haya, njoo Alhamisi." Bi Kicheko alipoondoka, aliikunjua ile karatasi juu ya meza, akaibana kwa pasi isipeperuke, akachukua chaki, akaanza kuchora.